Vichwa Viwili kwenye Redio Moja

Mwezi jana tulimzika Zakaria kule Malava, na nitasema ukweli, kwa sababu kwa umri wangu uongo ni kazi nyingi: nilimwonea wivu akiwa ndani ya sanduku. Mzee wa miaka themanini na kitu, meno yangu mwenyewe yamebaki matano, nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai na sahani ya wali magotini, na moyo unanichoma kama wa kijana aliyebalehe jana. Aliyenichokoza ni mdogo wa marehemu. Alishika kipaza sauti, akatusomea shule alizosoma kaka yake na ofisi alizofanya kazi, kisha akakunja karatasi akasema, "Kaka yangu alipendanga redio kuliko chakula. Na ndiye mtu wa pekee Kakamega nzima aliyejua ni nani alimuua Mzee Sururu." Wazee wachache tuliobaki wa rika lile wakaangua kicheko mpaka mchungaji akageuka. Mimi nikamtazama mke wangu, Rispa. Alikuwa anacheka pia, halafu akajifuta macho kwa pembe ya leso. Kicheko ningekivumilia. Ni ule mkono wa leso ulionifanya nisimalize wali wangu.

Mzee Sururu hakuwa mtu, niseme mapema msije mkapiga ripoti. Alikuwa mwenye duka katika mchezo wa redio, aliyekutwa amekufa nyuma ya magunia ya sukari, na Inspekta Majaliwa akawa anamtafuta muuaji kila Jumapili saa kumi alasiri, karibu mwaka mzima. Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera yetu ipande. Sitaeleza nilizaliwa wapi na nani; wazazi wangu walikuwa watu wazuri, wamelala, tuwaache walale. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo msomaji akikuta neno limekaa vibaya alisukume kidogo kando apite. Kazi yangu ilikuwa fundi wa mabati, na mwaka ule hakukuwa na kazi nzuri kuliko hiyo. Kila mtu aliyekuwa na nyumba ya nyasi aliona uhuru haujamfikia mpaka paa lake ling'ae. Nilishinda juu ya nyumba za watu nikiwa na misumari ya kofia mdomoni, jua linapika bati chini ya magoti, na kutoka huko juu niliona Kakamega yote: nani anapika nini, nani anamfukuza nani, na nani amebeba maji kutoka kisimani. Hivyo ndivyo nilivyomwona Rispa. Alibeba debe kichwani bila kulishika, mikono yote miwili inasuka uzi, na alipopita chini yangu alisema bila kuinua macho, "Fundi, msumari wako mmoja umeanguka." Kweli ulikuwa umeanguka. Niliutunza miaka mingi, sijui watoto waliupeleka wapi.

Nyumba yao ilikuwa Shieywe, wakati ule mahindi bado yanafika mlangoni. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyetaka kuitoa kwa sababu ilikuwa na picha ya maua, na juu ya meza ndogo ile redio iliyoachwa na marehemu baba yake Rispa. Ilikuwa ya mbao, kubwa kama kizimba cha kuku, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa ndege mwekundu. Jumapili saa tisa na nusu majirani walianza kuingia. Kulikuwa na chai ya maziwa, nduma zilizochemshwa kwenye sufuria moja kubwa, na njugu za kukaanga, na harufu ya mafuta ya taa ambayo haikutoka chumbani humo hata mchana. Mama Beti, muuza mandazi, alikuja na kigoda chake mwenyewe kwa sababu alisema viti vya watu humletea usingizi. Kitambaa kilifunuliwa, redio ikanguruma, halafu muziki ukaanza: tarumbeta iliyopanda, ikashuka, ikasita kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, ikapanda tena. Hapo hata watoto wachanga walinyamaza.

Zakaria alikuwa mpangaji wa nyumba ya pili, karani katika ofisi za serikali. Mzungu wake alikuwa ameondoka, naye akapewa kiti chake, na alituambia habari za kile kiti mpaka tukawa tunakijua kama jirani: kina magurudumu, kinazunguka. Alivaa suruali yenye mstari wa pasi na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Hiyo niliigundua siku niliyomwomba aniandikie orodha ya mbao. Lakini alikuwa na sauti nzuri na alijua kueleza. Inspekta akitumia neno gumu, Zakaria alilimenya kama ndizi. "Maana yake, Mama Beti, ni kwamba alibi yake haishiki." "Na hiyo alibi ni nini, mwanangu?" "Ni kusema ulikuwa kwingine." "Aa, basi mume wangu amekuwanga nayo." Rispa alicheka, na mimi niliyekuwa nimekaa sakafuni karibu na mlango nilihesabu kwamba alikuwa amecheka mara tatu kwa maneno ya Zakaria na mara moja tu kwa yangu, na hiyo moja ni kwa sababu nilijimwagia chai.

Kwa hiyo nilifanya haraka. Nilituma wazee wangu nyumbani kwao, wakaenda wakaongea, wakala ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, wakarudi wakiwa wameridhika. Nilifurahi kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili saa tisa na nusu. Maana kwetu, kama kuna asiyejua, ukishaulizia binti wa mtu, mama yake anakuwa mkwe wako, na mkwe hampeani mkono, hamtazamani, hamkai chumba kimoja. Ukimwona njiani unaingia kwenye mahindi. Hiyo ni heshima, na siicheki. Ila Jumapili ile nilifika mlangoni kama kawaida, nikaona kitenge cha mama mkwe wangu kwenye kiti chake cha siku zote kando ya redio, nikageuka mbio kama niliyeona nyoka. Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimemchumbia Rispa na papo hapo nikajifungia nje ya redio. Na Zakaria, ambaye hakuwa amechumbia mtu, alikuwa ndani anapewa nduma.

Nilisikiliza kutoka dirishani, upande wa shamba la mboga. Nilikaa pembeni ya fremu, ili mkwe asinione nami nisimwone, nikabaki na kipande cha chumba: redio, mkono wa Zakaria, na ubavu wa Rispa. Rispa alinipitishia kikombe bila kugeuka. Mkwe wangu, ambaye hangeweza kusema nami, alisema na hewa. "Rispa, mwambie mtu wa nje asikanyage sukuma yangu." "Mama anasema usikanyage sukuma." "Mwambie sijakanyaga." "Anasema hajakanyaga." "Mwambie nimeisikia ikivunjika." Watu walicheka, na mimi nilicheka pia huko nje, lakini kucheka peke yako ukitazama ukuta si kucheka.

Wakati ule waliobaki kushukiwa walikuwa wawili tu: Bi Tausi, mke wa marehemu Sururu, na karani wa duka aliyeitwa Idi. Zakaria alisema ni Bi Tausi. Mimi nilisema ni karani, na sitawadanganya kwamba nilikuwa na ushahidi. "Ni karani!" nilipaza sauti kupitia dirishani. "Karani ndiye ana ufunguo!" Zakaria hakugeuka hata shingo. "Fundi, na mtu anayeshinda juu ya paa za watu je? Huyo si anaona kila kitu?" Kicheko tena. Nilihesabu. Rispa alicheka.

Halafu akaleta betri. Betri ya redio ilikuwa imechoka, tunaianika juani kila Jumamosi ipate nguvu ya saa moja, na Zakaria akaja na mpya kabisa, bado iko kwenye boksi. Mama mkwe alisifu mpaka nikasikia mimi niliyekuwa ng'ambo ya barabara. Nami nilikuwa na nini? Nilikuwa na mabati. Paa lao la nyasi lilikuwa limeanza kuoza upande wa kusini, kwa hiyo nikatangaza kwamba nitaliondoa lote na kuwaezekea. Siku nne nilifanya kazi ile, mkwe akiwa amehamia kwa jirani ili tusikutane, na sijawahi kupiga misumari iliyonyooka kama ile. Ilipokwisha, watu walisimama barabarani kuangalia. Mama mkwe alimchukua kuku mmoja, akamwinua, akamwambia kwa sauti kubwa, "Ona, mama, sasa utalala nyumba ya kizungu. Fundi aliyefanya hivi Mungu ampe nguvu." Niliingia kwenye mahindi nikalia. Silingi, ile dari ya ndani chini ya bati, sikuweka. Hakuna aliyeweka silingi siku hizo, mbao za paa zilitosha kumaliza mtu, na isitoshe tulikuwa kiangazi.

Jumapili ya mwisho ya mchezo ule ilijulikana mapema. Redio ilikuwa imetangaza kwamba leo Inspekta Majaliwa atakutana na muuaji uso kwa uso. Kakamega haikufanya kitu kingine siku ile. Na mvua yetu, wanaoijua wanaijua, haina haja ya saa. Ilianza dakika chache kabla ya saa kumi. Ilianza na tone moja kubwa juu ya bati, tang, nikawaza, aa. Kisha ikamwagika yote. Chini ya nyasi mvua ni mnong'ono, unalala vizuri. Chini ya mabati yangu mapya, yasiyo na silingi, ilikuwa kama lori linalopakua kokoto bila kumaliza. Nilikuwa nimesimama dirishani na maji ya paa langu mwenyewe yananishukia shingoni, kwa sababu hata mfereji sikuwa nimeweka. Ndani niliona midomo ikifunguka. Mama Beti alipiga kelele, "Ongezeni sauti!" na sauti ilikuwa mwisho tayari. Watu walisogea, wakasukumana, mwishowe wakakubaliana kwamba wawili wenye masikio mazuri wasikilize kwa niaba ya wote. Zakaria akaweka sikio lake upande mmoja wa redio. Rispa akaweka lake upande wa pili. Lakini kitambaa kinachotoa sauti kiko mbele, kwa hiyo wakasogea mbele. Wakasogea tena. Paji lake na paji lake. Mimi ndiye niliyepiga kila msumari uliovisukuma vile vichwa pamoja.

Walikaa hivyo mchezo mzima. Mara kwa mara Zakaria aliinua kidole, na chumba kizima kilikitazama kile kidole. Halafu nikaona Rispa amefumba macho, na midomo ya Zakaria inacheza. Inacheza polepole, karibu na sikio lake. Nilijiambia anarudia maneno ya Inspekta. Mvua ikapungua ghafla, kama kawaida yake ya kuacha kazi ikishaharibu, na nikasikia tarumbeta ikimalizia, ikisita, ikipanda. Wakainua vichwa. Walitazamana. "Nani?" Mama Beti akauliza. "Jamani, nani?" Zakaria akakohoa. "Bi Tausi," akasema. "Inspekta amefungua mlango wa stoo, akasema, 'Kumbe ni wewe, Bi Tausi.' Imekwisha." "Rispa, ni hivyo?" Rispa alikuwa anarudisha kitambaa cha ndege mwekundu juu ya redio, anakinyoosha pembe moja moja. "Ndiyo," akasema. "Ni hivyo."

Sasa sikilizeni jambo la ajabu la mji wetu. Alasiri ile ilinyesha Kakamega yote, na wenye redio wote walikuwa na mabati, na wenye nyasi hawakuwa na redio. Hakuna mwingine aliyesikia. Kwa hiyo neno la Zakaria likawa ndilo neno. Sokoni Navakholo watu waliambizana ni Bi Tausi, wanawake wakapinga, wanaume wakasema tulijua, na mimi nilipita katikati nikiwa nimeuma meno. Usiku mbili sikulala. Siku ya tatu nilichukua baiskeli nikaenda Mumias, kwa fundi seremala niliyemjua, Mzee Swaleh, ambaye alikuwa na redio, na kwao mvua haikuwa imefika. "Asalaam aleikum, mzee." "Waaleikum salaam, Jairo, mbona unahema hivyo, kuna msiba?" "Nani alimuua Sururu?" Alinitazama, akaweka randa chini. "Hata wewe? Tumegombana hapa mpaka magharibi. Inspekta amefungua mlango, amesema, 'Kumbe ni wewe.' Kisha muziki. Basi." "Hakutaja jina?" "Wallahi hakutaja. Mwaka mzima tumengoja, halafu wametufungia mlango usoni. Mimi nasema ni karani. Mke wangu hajanipikia tangu Jumapili."

Sikujua furaha kama ile. Nilipanda vile vilima kama ninashuka. Mtu mwingine angesikitika kwamba mchezo umekwisha bila jibu. Mimi nilikuwa nimepata jibu langu, kwamba karani wetu ni mwongo. Nilisimama kwanza kwa Mama Beti, kwenye karai lake la mafuta, nikamwaga yote mbele ya wateja. "Hakuna jina! Zakaria amelitunga!" Walipiga makofi. Mmoja akasema, "Uhuru kweli umekuja, hata wauaji wanaachwa huru." Mama Beti aligeuza andazi moja, akaligeuza tena. "Fundi," akasema taratibu, "Zakaria amedanganya, sawa. Lakini Rispa naye aliitikia. Kama jina halikutajwa, wale wawili walikuwa wanasikiliza nini pale?" Na watu wakacheka, na mimi, Mungu wangu, nilicheka nao. Nilicheka mpaka nikafika kwenye baiskeli yangu. Hapo nikaona nilivyokwenda safari ya siku nzima kujiletea kisu.

Nilimngoja Rispa kisimani. Aliponiona alishusha debe. "Nimesikia ulikuwa Mumias." "Alikuambia nini?" "Nani?" "Unajua nani. Midomo yake ilikuwa inacheza." Alinitazama mpaka nikatazama miguu yangu. "Jairo, umeendesha baiskeli mpaka Mumias kuuliza watu habari zangu?" "Habari za Inspekta." "Basi kama ni za Inspekta umeshajibiwa. Kama ni zangu, hujaniuliza mimi, umemuuliza Mama Beti na karai lake. Sasa chagua. Ukitaka mke, mlete mjomba wako Ijumaa mkamalize maneno. Ukitaka kujua kila kilichosemwa katika nyumba ambayo hukuwemo, nenda ukae dirishani uzeeke." Akajitwisha debe akaondoka, safari hii amelishika kwa mikono yote miwili. Ijumaa mjomba wangu alikwenda. Lakini sikuuliza tena. Hiyo ndiyo ilikuwa bei, na nimeilipa kila siku.

Nyumba yetu ya kwanza niliiwekea silingi kabla ya mlango. Zakaria alipata uhamisho kabla ya mwaka kwisha, akaoa, akastaafu, akajenga Malava. Tulikutana kwenye harusi na matanga, na kila mara alinishika bega. "Fundi, umeshamjua muuaji?" Nilisema bado. Alicheka, mtu mwema tu, na mimi nilirudi nyumbani nikamsusia Rispa chakula chake kizuri bila sababu. Mjukuu wangu anatazama michezo ya polisi kwenye simu, na juzi mmoja ulikwisha bila jibu, akatupa simu kitandani akasema wamemwibia wakati wake. Nilitaka kumwambia, mama, wewe umebakiwa na swali la watu usiowajua. Lala salama.

Siku ya tatu baada ya mazishi ilinyesha. Rispa alikuwa anapukuchua maharagwe jikoni, na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, na nikaona kwamba nisipouliza sasa, mmoja wetu atakwenda na neno hilo kaburini. "Mama Nafula," nikamwita kwa jina la mtoto wetu. "Eeh." "Siku ile ya redio." Hakujifanya hajui siku ipi. Aliendelea na maharagwe yake kidogo. "Inspekta alisema 'kumbe ni wewe', muziki ukaanza," akasema. "Zakaria akaniambia, sema neno moja tu, kesho naenda kwa wazee wako, nitarudisha kila kitu Jairo alicholeta. Nikamwambia hapana. Nikamwambia, tazama dirishani, yule mjinga anakunywa maji ya paa lake." Mvua ilikuwa inanong'ona juu ya silingi. "Na Bi Tausi?" "Huyo alimtaja baadaye, watu walipouliza. Ilimtoka tu. Nilikuwa nimemnyima lile kubwa, baba Nafula. Ningemnyima na hilo dogo, mbele ya watu wote?" Akajifuta mikono, akanitazama, na nadhani alikuwa anangoja niseme kitu kizuri.

Nami nikasema, "Ulimjibu papo hapo, au ulifikiria kwanza?"

Rispa alicheka. Alicheka vile nilivyokuwa nahesabu zamani. "Muziki ulipokwisha nilikuwa nimeshamjibu," akasema, akabeba ungo wake akaingia ndani.

Mvua ilipokatika nilitoka nikazunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo hangenisikia, nikaupiga ule muziki kwa mluzi. Meno matano hayasaidii, lakini niliukumbuka wote: inapanda, inashuka, inasita kama mtu anayetafuta ufunguo, inapanda tena. Niliupiga mara ya pili, polepole, kama ulivyokuwa. Si mfupi ule muziki.